Hodi ya Tatu

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sitaki mtu anambie kuwa ni uzee. Nimezaliwa nao. Ila miaka ile baada ya mapinduzi, mji mzima ulikuwa na wasiwasi, hata wangu ukaonekana akili.

Nilikuwa mwalimu wa watoto wa kike katika skuli moja ya mjini, sijaolewa, nikikaa Mkunazini na mama yangu katika vyumba viwili vya chini. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Kaka sina, dada sina, na jamaa zetu wengi walikuwa washaondoka, wengine kwa kuaga na wengine bila ya kuaga. Alikuwa na mimi tu, nami nilikuwa na yeye.

Siku moja mwalimu mkuu akaniita akanambia kuwa walimu wawili wa skuli yetu watahamishiwa shamba, na jina langu limetajwa.

"Limetajwa wapi?" nikamuuliza.

"Limetajwa," akasema.

Enzi zile hukuwa ukiuliza mara ya pili. Shamba yenyewe ilikuwa Nungwi. Leo watu wanakwenda Nungwi kuogelea wakarudi siku hiyo hiyo, wanaona mzaha. Wakati huo kulikuwa na gari moja ya abiria, ikitaka inakuja, ikitaka haiji, na mwalimu aliyepelekwa huko alihama na godoro lake. Sasa mama nimwache na nani? Nimchukue nimtie katika nyumba asiyoijua, na kisima asichokijua? Pale kwetu alikijua kila kipande cha sakafu. Akipika mwenyewe. Kitunguu kikiwa jikoni alikisikiliza mlio wake, akajua kinataka nyanya au bado, na sijapata kuona kitunguu kilichomuungulia.

Nikamwambia mwalimu mkuu kuwa mama yangu haoni. Akanijibu kwamba anajua, lakini si yeye anayepanga. Anayepanga ni mkubwa mmoja wa ofisini, na mkubwa huyo angekuja mwenyewe skuli kutazama maonyesho ya kazi za mikono.

"Wewe darasa lako litoe mchezo wa ubao," akasema. "Mchezo mpya, si huu wa kila siku. Bwana yule anapenda michezo. Akifurahi, ntamueleza habari ya mama yako."

Nikatoka pale nikisema peke yangu. Watu wanaombewa dua wasihamishwe, wengine wanapeleka kuku kwa mkubwa. Mimi nikaambiwa nibuni mchezo!

Na mchezo si ubao, wala si kete. Hizo ni nguo tu. Mchezo ni ile sheria moja iliyokaa katikati, inayomfanya mtu mzima akae kitako akasahau chungu jikoni. Hayo niliyajua tangu udogoni, maana nyumba yetu ilikuwa nyumba ya wanawake, na saa za jua kali majirani walikuja kwetu kucheza keram na dama, mlango umerejeshwa, makelele mpaka nje. Kuna michezo ambayo dado ndilo linalosema, wewe kazi yako kurusha na kuomba. Kuna ya kulana. Kuna ya kukimbizana, nani atangulie kufika. Kuna ya kuficha kitu mwenzako abahatishe. Ukitazama sana, michezo yote ya dunia imetoka humo, imebadilishwa rangi.

Nikachukua ubao wa kasha la chai nikaupiga msasa. Nikachora njia ya mzunguko, kete zinakimbizana kwa dado. Kesho yake nikampelekea mwalimu mkuu.

"Dado?" akasema. "Wazee wa msikitini watasema tunawafundisha watoto kamari. Toa dado."

Hapo alikuwa na haki, siwezi kumlaumu. Nikarudi nyumbani nikaufuta ubao, nikachora mwingine, jamaa yake dama, ila kete zilikuwa na umbo la karafuu na njia zilipinda. Nikaupenda. Akaupenda na yeye, akacheza na mimi pale pale ofisini, mpaka kete yangu ikafika upande wake.

"Ikifika mwisho inakuwa nini?"

"Inakuwa mfalme."

Akainuka, akafunga mlango. Kisha akafunga na dirisha. "Mfalme! We bibi, una nini na mimi? Sisi tushatoka huko, wewe unawarudisha wafalme kwa mlango wa nyuma?"

"Si lazima awe mfalme," nikasema, jasho linanitoka. "Anaweza kuwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti anaweza kuliwa?"

"Anaweza."

"Basi toa! Toa!"

Leo nacheka. Siku ile niliuficha ubao ndani ya buibui mpaka nyumbani. Na habari ya kulana ikafa hapo hapo, kwani huo ulikuwa wakati wa foleni ya mchele, watu wakikesha na vikapu, na neno kula halikuwa la kutamkwa ovyo mbele ya wakubwa. Nikajaribu mchezo wa kuficha kete ndani ya ngumi. Hata sikumaliza kumueleza. "Kuficha nini?" akanikata. "Nani anawafundisha watoto kuficha?" Maonyesho yanakaribia, na kila sheria niliyoishika ilikuwa na moto ndani yake.

Jioni hiyo mama alikuwa amekaa mkekani akichagua mchele kwa ncha za vidole. "Unawaza nini?" akaniuliza. "Nakusikia unavyopumua."

Nikamwambia yote, na Nungwi nikamwambia. Mkono wake ukasimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. Akasema, "Waondolee hao wafalme na madado. Wape njia."

"Njia gani, mama?"

"Sisi zamani tulikuwa hatushuki barabarani. Mwanamke akitaka kwenda kwa shangazi yake mtaa wa pili, anapita majumbani kwa watu. Ukumbi wa huyu, dari ya yule, wikio la kuvukia nyumba kwa nyumba juu ya kichochoro, huyo kashafika, na jua halikumuona. Lakini kila mlango hodi. Hupiti kwa mtu bila ya hodi."

Lo! Nikamrukia nikambusu kichwa, mchele ukamwagika.

Mchezo ukawa hivi. Ubao ni mji. Kete zako zinatoka sokoni na zinataka kufika kwako. Badala ya dado, wewe na mwenzako mnatoa vidole pamoja, jumla yake ndiyo hatua zako, kwa hivyo mwenzako ana sehemu katika mwendo wako kila unapotia mguu. Ukifuata vichochoro utafika, ila utachelewa. Njia fupi inapita ndani ya nyumba za mwenzako. Ukifika mlangoni piga hodi. Akisema karibu, unapita, na yeye anasogeza kete yake hatua moja kwa ukarimu wake. Ukipita bila ya hodi, unarudi sokoni.

Nilichonga vichochoro kwa kisu ili mama avione kwa vidole, na kwenye nyumba nikagandisha vipande vya kanga. Kete zilikuwa komwe, zangu nilizikwaruza. Tukacheza mpaka isha.

"Na mtu asipojibiwa?" akauliza.

"Atapita tu."

"Apite? Astaghfirullah! Nyumba ya baba yake? Hodi tatu. Hukujibiwa, unarudi ulikotoka, na huna ruhusa ya kununa. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Mama, basi mtu atanyamaza kwa choyo tu, amzuie mwenzake."

"Anyamaze. Na kesho si atapiga hodi yeye kwa mwenzake? Atajibiwa?" Akacheka, meno yake mawili ya mbele yakaonekana. "Hapo ndipo penye mchezo, mwanangu."

Na ndipo palipokuwa. Wasichana wa darasa langu waliushika kama wamezaliwa nao. Walinuniana, wakalipizana kimya kwa kimya, wakasameheana, na aliyesahau hodi alipigiwa kelele na darasa zima: arudi! arudi! Mwalimu mkuu akautazama kutoka mlangoni. "Hamna kamari, hamna mfalme, watu wanakaribishana," akasema. "Safi kabisa." Akaondoka akipangusa shingo kwa raha. Na mimi, mtu wa wasiwasi, sikuona kitu.

Siku ya maonyesho mkubwa akaja. Pande la mtu, shati jeupe, sauti ndogo ya kiungwana. Akamsalimu kila mtu, hata mpika chai. Alipofika kwenye meza yetu akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani, akasema anataka kucheza. Nikampa mpinzani, msichana mmoja hodari wa maneno, nikamueleza mkubwa sheria kwa haraka haraka, ulimi mkavu.

Wakatoa vidole. Yeye vitatu, mtoto viwili. Akahesabu hatua tano, kete yake ikafika mlangoni kwa mtoto, naye akaisukuma kwa kidole ikapita ndani moja kwa moja, ikatokea upande wa pili.

"Hukupiga hodi!" mtoto akapiga kelele. "Rudi!"

Na darasa zima, kama kawaida yao: "Arudi! Arudi! Kaingia bila ya hodi! Arudi!"

Hapo ndipo nilipofahamu nimefanya nini. Mtaani kwetu nyumba zilikuwa zikiingiwa. Sisemi zikitembelewa. Ulikuwa umekaa unakunywa chai yako, mara watu washafika ukumbini, wanafunua magodoro, na hakuna aliyesikia hata kugongwa. Kila mtu mzima aliyekuwemo ndani ya chumba kile alilijua hilo, na kila mmoja alikuwa akitazama sakafu. Mwalimu mkuu alikuwa kashikilia kitambaa chake cha jasho mdomoni. Watoto ndio waliokuwa bado wanapiga makofi, mpaka na wao wakaona nyuso zetu, wakanyamaza mmoja mmoja.

Mkubwa akainua macho. "Sheria ya nani hii?"

"Ya mchezo, ndugu," nikasema.

Akairudisha kete mlangoni. Kwa haki ya mchezo ilikuwa irudi sokoni, lakini nani wa kumwambia? Akasema, "Hodi."

Mtoto sasa keshaingiwa na hofu. Alinitazama mimi, midomo inamcheza, neno halitoki.

"Hodi," akasema tena.

Jibu, mwanangu, jibu, nikawa nasema moyoni. Nilitaka kumjibia mimi. Lakini mlango ulikuwa wake.

"Hodi." Akangoja. Machozi yakamteremka mtoto. "Hodi tatu," akasema yule mkubwa, "na sikujibiwa. Sasa nafanya nini?"

Ikabidi niseme mimi. "Unaondoka, ndugu."

Akatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu ambalo sikuweza kulisoma. Akaichukua kete yake akairudisha sokoni taratibu, akampa mtoto mkono, akaenda zake meza ya pili kutazama vikapu.

Siku zilizofuata sijui nilizipitisha vipi. Chakula hakipiti, usingizi hauji. Nyayo zozote kichochoroni zilinisimamisha nywele. Nilitaka kuuvunja ubao niutie jikoni. Mama akanizuia. "Ukiuvunja, ndio utakuwa umekiri," akasema. Lakini na yeye alikuwa na hofu, nilimuona akiinua kichwa kila mara kusikiliza njia. Bwana mmoja wa mkabala na sisi alifuatwa na gari mchana kweupe, Ramadhani iliyopita, akaambiwa ni mazungumzo tu. Mkewe alikuwa bado anamuwekea chakula chake.

Basi ikawa siku moja baada ya adhuhuri. Mtaa kimya, watu wamelala. Mama yuko jikoni, kitunguu kinalia, mimi nimekaa kwenye kibao nakuna nazi. Gari ikasimama mwanzo wa kichochoro. Tukasikia mlango wake, kisha viatu vya ngozi juu ya mawe. Mtaani kwetu wote tulivaa makubadhi ya wazi au tulikwenda pekupeku. Viatu vikaja, vikaja, vikasimama.

"Hodi."

Nikaijua ile sauti ndogo. Mama akanikamata mkono, na kiganja chake cha pili akakiweka juu ya mdomo wangu. Kilinuka kitunguu.

"Hodi hapa."

Nikasikia moyo wa mama kwa mgongo wangu. Jikoni harufu ikaanza kugeuka, kitunguu kinaungua, na yeye aliyekuwa hajaunguza kitunguu maisha yake hakusogea hata kidole. Nje mtu akakohoa.

"Hodi."

Kisha viatu vikageuka, vikaondoka bila ya haraka. Gari ikawaka.

"Alhamdulillah," mama akanong'ona. "Hodi tatu. Sheria ni sheria." Tukakumbatiana pale pale sakafuni, tukicheka na kutetemeka, tukala mchuzi mchungu tukauona mtamu.

Asubuhi mwalimu mkuu akaniita. Hakufunga mlango mara hii.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Skuli, kisha nyumbani."

"Nyumbani?" Akanitazama kama anayetazama mtu aliyeanguka. "Ulikuwepo? Yule bwana kaja kwenu, bibi! Mchezo wako umemkaa rohoni, njia nzima anausema. Nikamwambia habari ya mama yako. Akasema kila mwalimu akihamishwa mama yake mgonjwa, kwa hivyo atakwenda mwenyewe amuone huyo mama kwa macho yake. Akimkuta kama nilivyosema, binti hatoki mjini."

Nikakaa bila ya kuambiwa nikae.

"Kapiga hodi mara tatu," akasema. "Mwenyewe kanambia, anacheka: 'Mwalimu wako kanifundisha, nisipojibiwa niondoke.' Akaona hamna mtu, mama yupo matembezini, basi si mgonjwa. Karudi ofisini, kasaini."

Nilimwomba, nililia, nilitaka kukimbilia ofisini na mama mkononi. Akanambia kilichosainiwa kule hakirudi nyuma, na nikijaribu nitaharibu zaidi, na yeye nitamtia ndani. Na kweli aliogopa, maskini.

Mama sikuweza kumficha. Nilipoingia tu alijua kwa pumzi zangu. Nikamueleza. Akauelekeza uso kwenye mwanga wa mlango.

"Mimi ndiye niliyekuziba mdomo," akasema.

"Tulikuwa na hofu, mama. Sote wawili."

"Hofu ya mtu aliyepiga hodi!" Akajipiga paja. "Wale wabaya hawapigi hodi, tunawajua! Huyu kapiga mara tatu, mwanangu, kasimama juani kama mgeni, na mimi nikakaa kama jiwe!"

Nungwi alikataa kwenda. Nilimbembeleza, nikamgombeza, akasema atabaki penye mlango anaoujua. Jirani akakubali kumtekea maji na kumtupia jicho. Nikaenda na godoro langu. Kila gari ya Alhamisi ilipokuja nilirudi mjini, na isipokuja nilikaa huko nikijitafuna kucha, nikimuona mama kaanguka, mama kaungua, mama kaingiwa na watu.

Lakini tokea siku ile alichukua ada mpya. Hodi yoyote aliyoisikia aliijibu. Muuza maandazi, mchukuzi wa makaa, hodi za nyumba ya pili, hata mbuzi akiugonga mlango kwa pembe: "Karibu!" Mtaa mzima ukamcheka.

"Hata mbuzi, bi mkubwa?" wakimtania.

"Hata mbuzi," akijibu. "Akija na habari mbaya ntaijua. Akija na nzuri haitonipita tena."

Mimi hakuwa akiningoja hata nipige hodi. Akisikia makubadhi yangu tu mwanzo wa kichochoro, "Karibu mwanangu! Karibu!" Sauti ilifika mpaka dukani. Nilikuwa na haya, na nilikuwa nikiipenda kuliko chochote. Ikapita miaka hivyo.

Ikaja Alhamisi ya mwisho. Jirani alinambia baadaye kwamba asubuhi yake mama alikuwa mzima, akimtania muuza maandazi kuwa maandazi yake yanapungua na bei inapanda. Mimi niliteremka kwenye gari baada ya alasiri, na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Nikaingia kichochoroni kwetu. Hapakuwa na harufu ya kitunguu. Nikafika mpaka mlangoni na hakuna aliyeniita.

"Hodi," nikasema. Nikadhani yuko juu ya msala anasali.

Nikangoja muda wa mtu kumaliza rakaa zake. Mbuzi wa jirani alikuwa amelala kizingitini, akanitazama.

"Hodi, mama."

Ndani kimya. Nikakitua kikapu chini. Ya tatu sikuipiga. Niliusukuma mlango kwa bega nikaingia nyumbani kwa mama yangu bila ya ruhusa yake.